Saa Tatu za Mbele

Deodata alikuwa akimenya ndizi za jioni, vidole vimegandwa na utomvu, Benedicto alipoingia uani bila kubisha. Kijana huyo ndiye aliyekuwa akiingiza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta ya zahanati ya kijiji.

“Shikamoo, mama. Happy yuko wapi?”

“Marahaba. Si huyo anasugua sufuria? Vipi, umefukuzwa na nyuki?”

Benedicto alimtazama mtoto, akachuchumaa, akanong’ona. Kwenye orodha ya vifo limejitokeza jina la Happy, miaka tisa. Amefariki leo, saa kumi na dakika tano jioni.

“Nani kaandika?”

“Hakuna. La mzee Nyanda lilijitokeza hivyohivyo, chumba kikinuka nywele zilizoungua. Jioni yake akafa.”

Deodata alitazama simu. Saa kumi na nusu.

“Basi imepita. Jini lako halijui kusoma saa.” Akarudia ndizi zake.

Benedicto hakucheka. “Mama, mashine haitunzi saa ya hapa Ntobeye. Inatunza ya Uingereza, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Mzee Nyanda alikufa saa tatu kamili baada ya ile iliyoandikwa.”

Kisu kilimponyoka. Saa moja na dakika tano.

“Kalifute!”

“Nimelifuta mara nne.”

“Basi weka mwaka mwingine. Weka miaka themanini mbele!”

“Niliweka. Vitufe vilibonyea vyenyewe, ikarudi leo.”

Giza lilipoingia Deodata alikuwa amefunga mlango na madirisha, amempakata Happy karibu na jiko, mumewe Audax akisali rozari kwa sauti ya chini, Benedicto na Suzan, dada yake Happy, wakiitikia, na chini ya kitanda, mahali pasipo na chochote ila viatu, vitufe vikaanza kubonyezwa, tak, tak, taratibu kama mtu anayetafuta herufi, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda ukutani, ikamfikia puani, akazidi kumkumbatia mwanawe hadi akahisi moyo wake mdogo ukidunda, ukidunda, ukasita.

Ukadunda tena. Chini ya kitanda, kimya. Saa moja na dakika sita.

“Imepita,” Audax alinong’ona.

Deodata alifuta machozi, akapakua ndizi na maharage. Akahesabu: Audax, Suzan, Benedicto, Happy, yeye mwenyewe. Wote wapo.

“Kula, mwanangu.”

Happy aligeuza sahani, akaitazama kama kitu kigeni.

“Huku kwenu,” akauliza kwa upole, “sasa ni saa ngapi?”