Buti Zilizorudi Safi

"Buti hizi hazijapanda mlima."

Mtunza stoo alisema hivyo bila kuinua uso, buti mkono mmoja, brashi mkono wa pili. Ng'ambo ya kaunta alisimama mwanaume aliyekuwa amuoe baada ya wiki sita, begi bado liko mgongoni.

"Ndiyo salamu hiyo? Wiki tatu hujaniona."

"Wewe nakuona. Nazungumzia buti."

Kampuni yao ilikuwa inapeleka watu kutembea kwenye safu kubwa za milima duniani. Mtunza stoo mwenyewe hakuwahi kupanda hata kile kilima cha nyuma ya ofisi, lakini milima aliijua kwa uchafu wake. Himalaya, alikuwa akisema, inarudi na vumbi la kijivu kwenye mishono. Alpi inarudi na nyasi kavu kwenye kamba za viatu. Andes inarudi na harufu ya samadi ya wanyama wa mizigo, na harufu hiyo haitoki hata ukiomba. Kila kilichorudi alikikagua na kukiandika kwenye daftari lake kubwa jeusi, na bosi alilisoma daftari hilo kila Ijumaa. Miaka tisa hakuwahi kuandika uongo humo. Hata bosi alipotoboa hema kwa sigara yake, daftari lilisema, "Limetobolewa na bosi."

Mwanaume huyu alikuwa mwongozaji wa safari, mkongwe kuliko wote pale. Wenzake walimwita Mbuzi kwa jinsi alivyokanyaga mawe bila kuteleza. Mtunza stoo alimwita Mbuzi wangu, na siku hiyo hakumwita chochote.

"Theluji ya Himalaya mwaka huu ilikuwa laini," Mbuzi alisema.

"Theluji laini ndiyo haitoi grisi? Vyuma hivi vya kufunga chini ya buti nilivipaka grisi mwenyewe kabla hujaondoka. Angalia, alama ya kidole changu hii hapa."

Mbuzi akakohoa, akageukia ramani ya dunia ukutani.

"Wageni wamefika juu, picha zao nimeziona," mtunza stoo akaendelea. "Kipara yumo. Wewe humo."

"Mimi ndiye nilikuwa napiga."

"Picha mia mbili zote?"

Kipara alikuwa msaidizi wake wa miaka mingi, na kumbe safari hii ndiye aliyewapandisha wageni.

"Ulibaki kwenye ule mji wa chini ya mlima," mtunza stoo alisema. "Wiki tatu nzima. Na nani?"

"Sikuwa na mtu."

"Basi ulikuwa unafanya nini?"

Mbuzi alitazama kalamu iliyolala juu ya ukurasa.

"Nitakuambia. Funga daftari kwanza."

"Daftari limekukosea nini? Sema tu."

"Lifunge, mama. Halafu tuongee."

"Silifungi. Mtu asiye na la kuficha haogopi karatasi."

Mtunza stoo akaandika mbele ya Mbuzi, kwa herufi kubwa: HAZIKUTUMIKA. Halafu akavua pete na kuiweka kwenye rafu, kati ya makopo mawili ya grisi.

"Kuna safari ya Andes wiki ijayo," alisema. "Nenda. Buti zikirudi zimechakaa, tutaoana kama tulivyopanga. Zikirudi safi tena, usije hapa. Zilete kwa mtu mwingine."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Mbuzi akazivuta buti upande wake.

"Sawa, Bibi Stoo. Unataka zichakae, zitachakaa."

Akatoka. Ijumaa bosi aliposoma daftari alimwita Mbuzi, na Mbuzi akamjibu kwamba alivaa buti zake binafsi. Kipara, aliyekuwa pembeni, alitazama chini na kuafiki.

Siku ya tatu ya safari uliingia ujumbe: "Tumefika. Kesho tunaanza kupanda. Hizi buti utazionea huruma. Nijibu hata neno moja."

Mtunza stoo aliusoma, hakujibu. Alitaka Mbuzi ajue kwamba ameusoma.

Siku ya nane, saa nane mchana, dada yake Mbuzi aliingia stoo akihema, bahasha mkononi. Alikuwa akiishi na kaka yake tangu wazazi wao wafariki, na kwa mtunza stoo alikuwa wifi wa kupika naye na kumsengenya Mbuzi naye.

"Wifi, kaka yangu yuko wapi?"

"Andes. Kwani hakukuaga?"

"Aliniambia anakwenda kufundisha waongozaji wapya. Darasani, wifi. Kwenye viti." Akaweka bahasha juu ya kaunta. "Nilikuwa nafua, nikaikuta kwenye begi lake. Isome."

Ilikuwa barua ya daktari, kutoka kwenye zahanati ya ule mji wa chini ya mlima. Mtunza stoo aliisoma akiwa amesimama, akairudia akiwa amekaa. Mgonjwa aliletwa siku ya pili ya safari, kabla hajaanza kupanda, mapafu yameingia maji kwa sababu ya kimo cha mji wenyewe. Amelazwa siku kumi na nane. Asipande tena milima mirefu maisha yake yote. Hali hiyo ikimrudia huko juu, hatapona.

"Alikuwa amelazwa," alisema. "Nikamuuliza na nani."

"Ulijua?"

"Alitaka kuniambia. Nikakataa kufunga daftari."

Wifi hakuelewa, naye hakuwa na nguvu za kueleza. Wakapanda wote wawili ofisini kwa bosi. Bosi aliisoma barua, akatoa simu ya setilaiti kabatini.

"Kule wanawasha saa kumi tu, kutunza betri," alisema. "Kabla ya hapo hata ukipiga mpaka kidole kichubuke."

Walikaa hapo kwa saa mbili. Mtunza stoo alishuka mara moja, akarudi na daftari kifuani. Saa kumi na dakika mbili simu ikashika.

"Shemeji," Kipara alisema, upepo ukikata maneno, "mwambie wewe ashuke. Sisi ametugomea. Tangu jana midomo yake imekuwa bluu."

Kisha ikasikika pumzi ya mtu, nzito, yenye majimaji.

"Bibi Stoo."

"Shuka."

"Nani kakuambia?"

"Wifi yuko hapa na barua. Shuka sasa hivi."

"Imebaki kambi moja." Alipumzika kila baada ya maneno mawili. "Halafu buti... ungeziona. Ya kushoto imechanika mbele. Utafurahi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipenda nikiwa Mbuzi. Ningekuja nikwambie nini? Kwamba siku hizi ni kondoo?"

"Ningeolewa na huyo huyo kondoo."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha, na ofisini hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Halafu ungeandika," alisema kilipopungua. "Bosi angesoma Ijumaa. Kazi imekwisha."

Mtunza stoo hakumbishia, kwa sababu ni kweli, angeandika. Akalifungua daftari juu ya meza ya bosi, mbele ya bosi mwenyewe.

"Nisikilize, naandika. Buti za mwongozaji, jozi moja. Zimerudi. Zimechakaa." Kalamu ilikuwa inakwaruza karibu na simu ili aisikie. "Nimeweka tarehe. Nimetia sahihi."

"Wewe? Umelidanganya daftari?"

"Nimelidanganya. Huna tena cha kuthibitisha kwa mtu. Shuka, baba. Nakupenda, shuka."

"Pete iko wapi?"

"Iko kidoleni."

Ilikuwa ndani ya kiganja chake, imenata grisi. Alikuwa ameichukua aliposhuka kufuata daftari. Akaivaa akiwa anasema.

"Sawa," Mbuzi akasema. "Nashuka. Uninunulie buti nyingine, za kwendea sokoni."

Bosi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Wifi akalia, lakini kwa ahueni.

Huko mlimani walianza kumshusha saa hiyo hiyo. Ukungu ukawafungia njia kwenye miamba, wakakaa humo kwa saa nane wakisubiri kuona hata hatua moja mbele. Kulipopambazuka Kipara alimbeba mgongoni. Alipofika kwenye nyasi za kwanza alimuuliza kama anaona hewa imeongezeka, na Mbuzi hakujibu. Haya Kipara aliyasimulia baadaye. Ofisini walichojua ni kwamba kesho yake saa kumi simu iliita mara moja, bosi akaipokea, akavua miwani, na hakumpa mtu mwingine aongee.

Wiki moja baada ya mazishi Kipara alirudisha vifaa. Mahema, kamba, mifuko ya kulalia, kimoja kimoja, na mtunza stoo akapokea na kuandika. Buti zikaja mwisho. Ya kushoto ilikuwa imechanika mbele, kama Mbuzi alivyosema mwenyewe. Soli zimelika, matope yamekauka mpaka kwenye vifundo, na ile harufu ya samadi ikajaa stoo.

"Hizi si lazima uzipokee wewe," Kipara alisema. "Naweza kumpelekea bosi."

"Ni kazi yangu."

Alichukua brashi, akaiangalia, akairudisha mahali pake bila kuitumia. Akafunua kurasa kurudi nyuma mpaka siku ile ya simu, akakuta mstari wake na sahihi yake. Alitafuta neno la kusahihisha. Ukiacha tarehe, halikuwepo.

Kipara alingoja, kofia mkononi.

"Andika basi, shemeji, nikapumzike."

"Nilishaandika."