Maziwa Yasiyofika Bariadi

Kila alfajiri Generoza alikamua ng'ombe wa baba yake, akamwachia ndama chuchu moja, kisha akapeleka maziwa kwa wateja wao mjini Bariadi. Miguu yake ilikuwa myepesi, na majirani walisema ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi.

Asubuhi hiyo alipochuchumaa kukamua, alisita. Ng'ombe alinuka dawa ya kuua wadudu wa pamba.

"Baba, ng'ombe umewafanya nini?"

"Niliwaogesha jana jioni," akajibu mzee Malimi. "Josho la serikali limekufa, na dawa ya kupe siku hizi ni ya wenye maduka, bei haishikiki. Dawa ya pamba ilibaki. Kwani kupe si mdudu?"

"Kopo lake lina picha ya fuvu!"

"Kijiji kizima kinafanya hivyo. Kamua, upeleke."

Generoza akakamua, lakini hakwenda popote.

"Siendi, baba. Mapacha wa mama Apolonia kule mjini wanakunywa maziwa haya."

"Unasemaje?"

"Nasema siendi. Nichape ukitaka."

Akamwaga maziwa yote kwenye shimo la taka. Malimi alifura kwa hasira, akachukua fimbo. Generoza aliogopa sana, ila hakukimbia.

Mara mama yake, Mariana, akapiga yowe zizini. Ndama aliyekuwa akinyonya na kumlamba mama yake alikuwa chini, povu likimtoka mdomoni. Malimi akatupa fimbo, akarukia baiskeli kumfuata bwana mifugo.

Bwana mifugo, jina lake Januarius, alimchoma ndama sindano, akaamuru ng'ombe wote waoshwe kwa sabuni na maji mengi. "Sumu hii hupenya ngozi ikaingia kwenye maziwa," akasema. "Msiyanywe wala kuyauza mpaka niwaruhusu. Ya leo mmemuuzia nani?"

"Hatukuuza," akajibu Malimi kwa sauti ndogo.

Jioni ndama alisimama. Mariana akamtaka bintiye amwombe baba radhi kwa kumjibu vile.

"Siombi," akasema Generoza.

"Asiombe," akasema Malimi. "Mwanangu, mzazi hutiiwa. Lakini mzazi akikutuma uwapelekee watu sumu, kumkatalia ndiyo adabu yenyewe. Nilitafuta cha bure nikasahau uhai wa watu. Rahisi huvunja upishi."

Akavaa kandambili zake.

"Twende kwa majirani. Nao wameogesha, na kesho watakamua. Wakikataa kusikia, waambie kama ulivyoniambia mimi."