Kinyago cha Mama Sesilia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jesca alifagia kibanda cha kazi cha baba yake. Kibanda hicho kilikuwa nyuma ya nyumba yao huko Chanika, na sakafu yake haikuisha vumbi jeusi la mpingo. Alinyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiruke, maana baba yake, Fransis, alikuwa anaumwa kifua. Daktari alishamweleza wazi kwamba vumbi alilolivuta tangu ujana wake limemharibia mapafu, na kwamba ni lazima aache kuchonga.

"Hiki tu, Daktari," Fransis alimjibu. "Nikimaliza hiki, naweka patasi chini."

Kinyago chenyewe kilikuwa cha mkewe. Sesilia, mama yake Jesca, alikuwa mkunga katika zahanati moja ya Temeke hadi alipofariki dunia mwaka juzi. Wenzake waliomba ukumbusho wake uwekwe pale wanaposubiri wajawazito, na Fransis hakukubali mtu mwingine auchonge. Alimchonga amesimama, shingo imeinama kidogo, na mikononi amepakata kichanga.

"Baba, huyo mtoto ni nani?" Jesca aliuliza siku moja.

"Ni wewe. Alivyokuwa anakushika ndivyo hivyo hivyo."

Tangu siku hiyo, kila alipomaliza kufagia, Jesca alikipapasa kile kichanga usoni kabla ya kuchukua mkoba wake wa shule.

Kazi ya kupeleka kinyago Temeke alipewa baba yake mdogo, Gervas, ambaye alikuwa na pikapu ya kubebea mizigo. Lakini sakafu ya bodi la pikapu hiyo, pale nyuma panapowekwa mzigo, ilikuwa imeliwa na kutu, na vyuma vilivyochanika vilikuwa vimesimama kama miiba. Basi wiki hiyo Gervas alimchukua Jesca wakaenda gereji moja ya Kiwalani, kwa fundi aitwaye Leonardi.

"Hapa kuna njia mbili," fundi aliwaambia. "Hili ni kava la plastiki ngumu, limeshatengenezwa kwa umbo la bodi. Tunaliingiza, tunakaza skrubu, muda huu huu unaondoka. Nyingine ni ya kupulizia. Tunakwangua kutu yote, tunaosha, kisha tunapuliza dawa inayoganda kama mpira. Hiyo inashikana na bodi moja kwa moja, na mzigo juu yake hautelezi. Ila gari utaniachia siku mbili tatu likauke vizuri."

"Sina siku hizo," Gervas alisema. "Jumamosi nina mzigo wa kaka. Nipe la plastiki."

"Sawa, braza. Lakini plastiki inateleza. Ukibeba kitu cha kuvunjika, tandika mpira chini kwanza, halafu ndiyo ufunge kamba."

Kava lilipowekwa, Jesca alipitisha kiganja juu yake. Lilikuwa laini, linang'aa kama kiatu kipya. Alilipenda.

Jumamosi ilipofika, Gervas alikuja mapema. "Jesca mwanangu, kuna mkeka wa mpira nyuma ya banda la kuku. Uoshe, kisha uutandike kwenye bodi kabla hatujapakia. Mie nakagua tairi."

Jesca alikwenda nyuma ya banda. Mkeka ulikuwepo, lakini ulikuwa umeganda matope na kinyesi cha kuku. Yeye alikuwa ameshavaa gauni jeupe alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Aliutazama mkeka, akalitazama gauni lake. Akajiambia kuwa kamba zitatosha. Akauacha pale pale, akarudi barazani kusuka vizuri nywele zilizofumuka.

Majirani walikibeba kinyago kikiwa kimeviringishiwa mablanketi, wakakilaza bodini. Mablanketi yalienea hadi kingoni, ikawa hakuna anayeona kilichopo chini. Gervas akaja na kamba zake.

"Jesca! Mkeka umetandika?"

"Ndiyo, Baba Mdogo."

Gervas akafunga kamba, akafunika turubai, wakaondoka wote watatu, Jesca akiwa amekaa katikati. Fransis alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Njia nzima alikuwa anaeleza namna wenzake Sesilia watakavyomtambua kwa ile shingo tu, kabla hata ya kutazama uso.

Walipofika kwenye mteremko wa Pugu, bajaji ilichomoka ghafla kutoka pembeni na kuwakatia njia. Gervas alikanyaga breki kwa nguvu. Bajaji ilipona. Lakini nyuma yao kulisikika kitu kizito kikiteleza, kisha kishindo, kisha mlio mkavu kama wa tawi linalovunjwa.

Gervas alisimamisha gari pembeni, akapanda bodini na kufungua turubai. Kamba zilikuwa zimelegea, na kinyago kilikuwa kimejibamiza kwenye ukuta wa mbele wa bodi. Mama alikuwa mzima, mikono yake pia. Kichanga hakikuwepo mikononi. Kilikuwa kimekatika chote, kikagonga chuma, na uso wake ukapasuka vipande vidogo vidogo visivyoweza kuunganika.

Gervas aliinua ncha ya blanketi. Chini yake aliona plastiki tupu inayong'aa. Aligeuka, akamtazama Jesca kwa muda mrefu. Jesca alingoja baba yake mdogo aseme.

"Kosa langu, kaka," Gervas alisema. "Sikufunga vizuri."

Fransis aliviokota vile vipande kimoja kimoja na kuviweka kwenye kofia yake. Kikohozi kilimshika hadi akashikilia mlango wa gari. Kilipotulia, alisema kwa sauti ndogo, "Nilikuamini, Gervas. Turudishe nyumbani."

Tangu siku hiyo kibanda kilinyamaza. Fransis hakushika patasi, kwa sababu ya ahadi yake na kwa sababu hakuwa na pumzi tena ya kuanza upya. Alishinda barazani, macho yake kwenye ua. Jesca alipika uji, yeye akaunywa nusu. Jesca aliendelea kufagia kibanda kila asubuhi ingawa hakikuwa na cha kufagia, na kila alipofika karibu na kinyago aligeuza uso asiione ile mikono mitupu.

Jumapili Gervas alikuja na dawa za kifua za kaka yake. "Shikamoo, kaka," alisema mlangoni.

Fransis hakuitikia. Aligeukia ukutani. Gervas aliziweka dawa juu ya meza, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha akatoka. Jesca alimsindikiza hadi kwenye gari, machozi yanamlengalenga.

"Baba Mdogo, kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kusema," Gervas alijibu. "Kisha nikakuona ulivyosimama pale. Ulishampoteza mama, nikaogopa kukuongezea. Tena hata mie nilikuwa na haraka. Fundi alitwambia, wewe na mimi sote tukasikia."

Pikapu iliondoka. Jesca alibaki amesimama mpaka vumbi likatulia. Kisha aliingia ndani, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

"Baba, Baba Mdogo hana kosa. Alinituma nitandike mkeka. Sikuutandika. Nilikuwa sitaki kuchafua gauni. Aliponiuliza, nilisema nimetandika."

Mlio wa kifua cha Fransis ulisikika. Jesca alitamani achapwe yaishe. Lakini baba yake alisema tu, "Niletee simu."

Gervas alirudi muda si mrefu. Fransis alisimama kwa shida, akamkumbatia mdogo wake pale pale mlangoni. "Nisamehe," alisema. "Nilimzika mke, halafu nikawa naanza kumzika ndugu yangu akiwa hai." Wote wawili walilia, na Jesca hakuwahi kuwaona wakilia hivyo hata kwenye msiba wa mama yake.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya Jesca: kulainisha mikono ya kinyago ili kipelekwe kilivyo, bila kichanga. Kila alipotoka shule, alivaa barakoa, akakaa uani na msasa uliolowekwa maji, akisugua palipokatika kwenye mikono ya kinyago. Baba yake alikaa mbali na vumbi, akimwelekeza: taratibu, fuata mshipa wa mti, usikandamize. Vidole vilimvimba. Gervas naye alirudi kwa fundi Leonardi, akatoa kava la plastiki na kuacha pikapu ipuliziwe. Safari hii aliiacha mpaka ikakauka. Alipoileta, Jesca alisukuma tofali juu ya sakafu ile ya mpira. Halikuteleza.

Wakakipakia kinyago tena, wakafika Temeke salama. Mganga mfawidhi wa zahanati, Sista Jovina, alikitazama kinyago. Alimtambua mwenzake kwa shingo. Kisha aliitazama mikono.

"Palikuwa na mtoto," Fransis alisema. "Amevunjika. Kama hakifai, tutakirudisha."

"Kibaki hivyo hivyo," Sista Jovina alisema, akijifuta macho kwa ncha ya koti lake. "Si kila mama anayefika hapa anarudi nyumbani na mtoto. Sesilia ndiye aliyekuwa anakaa na wale wanaorudi mikono mitupu. Nao wanastahili kuwa na mtu wa kuwatazama."

Walipotoka, Fransis aliketi kwenye benchi la nje apumzike, akamketisha Jesca kando yake.

"Nataka nikuambie jambo moja, na sitalirudia," alisema. "Kuacha kutandika ule mkeka ni uvivu, na uvivu unarekebishika. Baba yako mdogo alipokuuliza, ungemjibu 'bado', tungeshusha mzigo, tungetandika, tungeondoka. Kazi ambayo haijafanyika bado inaweza kufanywa. Lakini ukishasema imefanyika, mwanangu, hakuna anayerudi kuifanya. Hapo ndipo palipovunjika, siyo kule Pugu."

"Nimekuelewa, Baba."

"Umesema kweli ukiwa umechelewa. Mtoto wa mpingo hatarudi. Lakini Gervas amerudi, na hilo umelifanya wewe."

Jesca alilaza kichwa kwenye bega la baba yake. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimlilia mama yake kwa sauti, bila kuona haya, na baba yake hakumwambia anyamaze.