Mate ya Aliyesifu Tumbo

Giza lilikuwa linaanza kushika mashamba ya miwa pale Nerissa na mama mkwe wake, Nay Pasing, walipotoka kwenda kwa mkandaji. Si safari ya kushangaza. Pale kijijini mtu akiteguka, akikazwa na mgongo, mtoto akikaa vibaya tumboni, anapelekwa kwa Lola Sepa akakandwe. Hata mwalimu mkuu, bingwa wa kucheka mambo ya ushirikina mbele ya wanafunzi, aliwahi kuonekana akishuka ngazi za bibi yule huku anatabasamu kama mtoto aliyeogeshwa.

Lakini Nerissa hakuwa ameteguka.

Mtoto wake alikuwa hachezi.

Tangu jana, walipokuwa kwenye basi la kutoka Iloilo wakija kwenye sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, tumbo lilikuwa kimya. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Mbili za mwanzo zilikuwa zimetoka, na zote mbili zilianza hivyohivyo, kwa kimya. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Nerissa alikuwa ameumwa mara mbili. Zahanati ilikuwa imefungwa kwa ajili ya sikukuu. Rodel, mumewe, alikuwa nyuma ya nyumba na wanaume wenzake wakimchuna nguruwe, na kila akiulizwa alijibu kwamba asubuhi watakwenda hospitali kubwa. Asubuhi! Kwa mwanamke anayesikiliza tumbo lake, asubuhi ni mbali sana.

Kabla hawajatoka, wifi yake Gemma alimvuta mkono jikoni. Gemma alikuwa na kichanga chake begani, na alinong'ona kama mtu anayeiba.

"Wifi, mikono yake sawa. Mafuta yake sawa. Ila mate yake usikubali."

"Kwani ana nini?"

"Mimi sisemi kitu. Lakini lisemwalo lipo. Mtazame mdomo wa juu. Mimi na wewe tuna kifereji hapa chini ya pua, si ndiyo? Wale hawana."

Wale. Hakuhitaji kuwataja. Kisiwa kizima cha Panay kinawajua aswang, watu wanaokaa na wenzao mchana kama majirani wema, na jioni ikiingia wananusa tumbo la mjamzito kama wewe unavyonusa mkate. Na kinajua pia kwamba uchawi wao haurithiwi kwa damu tu. Hupitishwa kwa mdomo. Mate yakitosha, na wewe umekuwa mmoja wao.

Basi Nerissa alitembea akiwa na shaka mbili: shaka ya tumbo lake, na shaka ya huyo anayekwenda kulishika. Walipofika kwenye kichaka cha mianzi, Nay Pasing aliinamisha kichwa na kunong'ona, "Tabi-tabi," akiwaomba njia wasioonekana. Nerissa mtoto wa mjini naye akayasema. Huko kwao hakuwahi, lakini hapa ulimi ulijisemea wenyewe. Mianzi ikalia... kri... kri... na hakukuwa na upepo.

Nyumba ya Lola Sepa ilikuwa ya mianzi, imeinuliwa juu ya nguzo. Ndani kulinuka mafuta ya nazi na moshi wa ubani. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni anatafuna tambuu. Nerissa alimtazama mdomo hata kabla ya kumwamkia. Haikusaidia. Tambuu ilikuwa imempaka wekundu kutoka kidevuni hadi chini ya pua, huwezi kujua palipo na kifereji na pasipo nacho.

"Panda, mwanangu. Lala hapo. Fungua blauzi."

Nerissa aliishika blauzi kwa mikono miwili.

"Mficha uchi hazai, Inday," Nay Pasing alimkaripia, akimwita kama huko wanavyomwita binti. "Fungua."

Lola Sepa akacheka. "Huyu kajazwa maneno na Gemma, eeh? Mwambie Gemma hiyo shingo anayoigeuzageuza kunisengenya, niliinyoosha mimi mwenyewe."

Alianzia miguuni. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vigumu, lakini vilijua vinakokwenda. Vilipanda kwenye vigimbi, vikazunguka kiunoni, vikaingia katikati ya mbavu na kukifuata kila kifundo cha maumivu mpaka kikaachia. "Nilizaliwa miguu mbele," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimtesa sana mama yangu. Ndiyo maana Mungu akanipa mikono hii, nilipe deni." Nerissa alisikia mgongo wake ukilainika. Ilimuudhi kwamba ilikuwa raha. Alijibana asisinzie, macho kwenye ule mdomo.

Kisha bibi alichana ukanda wa jani la mgomba. Akaupitisha juu ya mwali wa taa, akaupaka mafuta, akaanza kuuburuta juu ya ngozi ya Nerissa. Jani likateleza gotini. Likateleza kwenye nyonga. Likateleza mbavuni kama sabuni. Likafika chini ya kitovu...

Likaganda.

Bibi alilivuta. Halikuja. Akalivuta tena, na ngozi ya tumbo ikainuka nalo. Tambuu ikaacha kutafunwa. Chini ya sakafu kuku wakanyamaza.

"Nani amekusifia tumbo?"

Nerissa alikumbuka. Ndani ya basi alikaa karibu na mama mmoja mwenye kitambaa cha njano kichwani na kapu la mapera mapajani. Mama mcheshi, wa makamo. Aliweka kiganja juu ya tumbo bila kuomba ruhusa, akasema, "Limeiva vizuri hili." Akateremka kabla ya daraja. Ndiyo hayo tu.

"Alisema pwera usog?"

"Hapana."

Nay Pasing akajipiga msalaba. Hayo ni maneno ya kukinga jicho, na pale hata mlevi hayasahau akimsifia mtoto wa mwenzake.

"Basi mtoto ametiwa jicho," alisema Lola Sepa. "Dawa yake ni mate ya yuleyule aliyesifu. Kidole gumba, msalaba mdogo tumboni, imekwisha. Lakini huyo tutampata wapi saa hii? Nitaweka yangu yamshikilie mpaka kesho tumtafute."

Akalamba kidole gumba. Kikatoka chekundu. Kikaanza kushuka kuelekea tumboni.

"Usiniguse!"

Nerissa aliupiga ule mkono mpaka bakuli la mafuta likapinduka.

"Inday! Una wazimu?" Nay Pasing alipiga kelele. "Bibi wa watu anakusaidia!"

"Asinipake mate yake! Nendeni mkapakane wenyewe!"

Alishuka ngazi pekupeku, blauzi mkononi. Nyuma yake alimsikia Nay Pasing akiomba radhi na kufuta mafuta kwa sketi yake, kwa aibu iliyomjaa. Na akamsikia bibi, taratibu, bila hasira: "Mimi niache. Mfuate yeye. Asiende peke yake."

Alikuwa ameshafika kwenye mianzi. Alivaa blauzi huku analia. Alimlilia mtoto, na alijililia mwenyewe. Safari hii hakukumbuka kuomba njia.

"Inday..."

Mama wa kwenye basi alikuwa amesimama kando ya njia. Kitambaa kilekile cha njano. Kapu lilelile.

"Inday, ni mimi. Nimesikia mtoto amenyamaza. Makosa yangu, mwanangu, nilisahau yale maneno. Tangu jana sijala kwa mawazo. Nimekuja kumwondolea."

Hapa msimcheke Nerissa. Ungekuwa wewe, umelelewa Panay, umeambiwa sasa hivi kwamba dawa ni mate ya mtu fulani, halafu mtu huyo anakutokea njiani na machozi machoni, ungefanya nini? Nerissa alishukuru Mungu kwa sauti. Akapandisha blauzi mwenyewe.

Akangoja kidole gumba.

Mama yule akapiga magoti. Akalishika tumbo pande zote mbili, akaweka mdomo wake chini ya kitovu, palepale jani lilipoganda. Mdomo ulikuwa wa baridi. Ulikaa. Ulimi ukazunguka polepole... mara ya kwanza... mara ya pili... na Nerissa akasikia harufu ya mapera yaliyoiva kupita kiasi, na chini yake harufu nyingine, ya buchani wakati wa adhuhuri. Alitaka kusema basi, inatosha. Sauti haikutoka.

Mtoto akaruka.

Si kucheza kule kwa zamani, kwa kugusagusa. Aliruka kwa nguvu mpaka mama yake akayumba. Kisha akapiga teke, na jingine. Nerissa akacheka na kulia kwa pamoja. Yu hai! Mwanangu yu hai!

Mama yule aliinuka, akajifuta midomo kwa ncha ya kitambaa.

"Asante, Inday," alisema.

Akaingia katikati ya mianzi, na mianzi haikulia hata kidogo.

Ilichukua muda neno lile kumwingia. Asante? Mgonjwa ndiye anayeshukuru. Halafu swali la pili likaja juu ya la kwanza: nani alimwambia kwamba mtoto amenyamaza? Walikuwa hawajamwambia mtu nje ya nyumba, zaidi ya Lola Sepa. Na mdomo wake wa juu, ule wa kutazamwa, Nerissa hakuukumbuka kabisa.

Nay Pasing akatokea anahema. Mwanga wa simu yake ukaangukia tumbo lililolowa.

"Nani huyo?"

"Yule wa basi, Nay. Kaja mwenyewe kuniondolea. Mtoto anacheza! Shika, shika uone!"

Nay Pasing hakushika.

"Kaitwa na nani?"

Kule nyuma, dirisha la Lola Sepa lilikuwa wazi, na bibi amesimama na taa yake. Sauti yake ilifika vizuri kabisa.

"Ametumia kidole, au mdomo?"

"Mdomo," alijibu Nerissa.

Bibi akafunga dirisha.

Njiani Nerissa alijaribu kusema mara moja. "Nay, si kitu kilekile? Mate ni mate." Mama mkwe wake alikuwa ametangulia mbele, na akaendelea kuongeza mwendo.

Nyumbani Rodel alimwekea mkewe sikio tumboni, mikono bado inanuka nguruwe, akapigwa teke la shavu. Akapiga ukelele wa furaha. Akawaita wanaume wote waje kusikia. "Bondia huyu! Pwera usog, pwera usog!" Wakacheka, wakanywa. Nerissa naye akacheka. Furaha yake ilikuwa ya kweli, hilo nalisema wazi. Alikuwa amebeba mtoto hai, na hayo mengine yangesubiri.

Lakini macho hayana pazia. Alimwona Nay Pasing akimnong'oneza Gemma jikoni. Akamwona Gemma akimbeba mwanawe na mkeka, akitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kulala kwa jirani. Alipita hatua moja kutoka kwa Nerissa, na akamfunika mtoto uso. Kisha Nay Pasing akachota chumvi kwenye chungu. Aswang hawezi kustahimili chumvi, hilo hafundishwi mtu, na kila nyumba huinyunyiza madirishani mjamzito akiwepo, ili cha nje kisiingie.

Nay Pasing hakuinyunyiza madirishani. Aliinyunyiza kizingitini mwa chumba cha Nerissa, upande wa nje.

Chakula kikaja. Supu ya kuku na papai bichi, na wali. Watu wote walikuwa mezani. Nay Pasing alimpakulia Nerissa kwa mkono wake, akamwekea bakuli mbele, akakaa kumkabili. Yeye mwenyewe hakugusa kijiko.

"Kula, Inday. Mnakula wawili."

Kijiko cha kwanza kilimwunguza Nerissa. Si moto wa supu, supu ilikuwa imepoa. Ni ulimi uliowaka, kisha koo, kama mtu aliyemeza kaa. Machozi yakamtoka. Tumboni mtoto akajikunja, akakaza.

Akamwinamia mumewe. "Onja hii," alinong'ona. "Nay kazidisha chumvi?"

Rodel, mjinga wa Mungu, akachota kijiko kizima, akajibu kwa sauti ya kusikika na wote na wali ukiwa mdomoni. "Chumvi gani? Mbona hata haijakolea!"

Mzee mmoja alirudisha glasi yake chini taratibu. Nay Pasing hakupepesa macho.

Nerissa alilitazama bakuli. Aliwafikiria wale wawili wa mimba zilizotoka, ambao hakuwahi hata kuwapa majina. Kisha akamfikiria huyu, aliyejikunja humo ndani akisubiri kuona mama yake atafanya nini. Kama alikuwa mtu, alikuwa wake. Kama hakuwa mtu...

Akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili. Akanywa. Koo liliungua, masikio yakavuma, jasho likamtiririka mgongoni, na hakulishusha mpaka likaisha. Akafuta machozi kwa kiganja, akatabasamu, na akalisukuma bakuli tupu upande wa pili wa meza.

"Tamu sana, Nay," alisema, sauti imekauka. "Niongezee. Na chumvi tia tu, usiogope."