Kelele, Herufi Sita

Gari jeusi aina ya Holden lilikata kona ya bandari ya Fremantle kwa magurudumu mawili.

"Punguza mwendo, dada. Mke wangu bado ananihitaji," alisema Kev Dunstan kwa mwenzake wa kikosi aliyeshika usukani.

"Nani kakudanganya?"

Nerida Coyle, jasusi wa forodha, hakucheka. Gazeti la asubuhi lilikuwa mapajani pake. Fumbo la maneno, namba saba kwenda chini: Humnyima mtoto usingizi. Herufi sita.

Kelele.

Wiki iliyopita: Hujaa sokoni. Kelele. Wiki ya juzi: Adui wa ukimya. Kelele tena. Na kila neno hilo lilipotoka, siku hiyohiyo meli iliondoka na kasuku weupe wa porini, wamelishwa dawa za usingizi, wamesokomezwa kwenye mabomba, wakapelekwa kwa matajiri wa ng'ambo. Wengi walifika wamekufa.

Mtungaji wa mafumbo harudii jibu mapema hivyo. Ni aibu kwake. Nerida aliyajua hayo tangu akiwa mdogo wa kupakatwa, kwenye magoti ya mtungaji mwenyewe.

Baba yake.

Redio ilikwaruza. "Mwewe, upo?"

"Nipo," akajibu Nerida; Mwewe lilikuwa jina lake la redioni.

"Meli inajiandaa. Tumtume mwingine? Hakuna atakayekulaumu."

"Hapana. Huyu ni wangu."

Alipiga teke mlango wa ghala lililokuwa kando ya meli, bastola ya Smith & Wesson mkononi. Wageni wawili wakainua mikono. Wa tatu akachomoa bastola.

Risasi moja. Bastola ikaruka.

Kev akawatia pingu. Nyuma ya mabomba, mzee Alby Coyle alikuwa ameketi na flaski ya chai, penseli sikioni.

"Umejuaje, Neri?"

"Ulirudia jibu, baba. Mara tatu."

"Walitaka neno lilelile. Niliwaambia ni vibaya."

"Na ndege je? Hilo halikuwa vibaya?"

Mzee akaitazama chai yake. "Tangu mama yako afe, nyumba ile haina sauti, mwanangu. Wewe unakuja Krismasi. Hawa walikuja kila Alhamisi. Wakanywa chai yangu, wakacheka."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kev alikuwa amegeukia ukutani, makusudi. Neno moja tu, na mzee angepotelea mitaani.

"Nyoosha mikono, baba."

Akanyoosha. Nerida alizibana pingu mpaka jino la mwisho, na bado zilicheza. Amekonda lini hivi?

Ndani ya bomba moja kasuku akazinduka, akapiga ukelele. Mwingine akamjibu. Mara ghala zima likarindima. Mzee akainua kichwa kusikiliza, akatabasamu, kama mtu aliyesahau alipo.

Nerida akaichukua ile penseli sikioni pa baba yake.

Nje, Kev alimfungulia mlango wa gari. "Uko sawa, dada?"

"Endesha wewe."

Akavaa miwani ya jua. Akajaza visanduku sita, taratibu, kwa herufi kubwa kama alivyofundishwa. Akalikunja gazeti.

Hakugeuka nyuma.