Bitana Ndani ya Damu

Mchana ule cherehani ililia taratibu, na fundi akawa kama anayeota macho wazi. Alikuwa anatia bitana, kitambaa cha ndani, kwenye koti. Kando yake, juu ya robota la vitambaa, binti yake alikuwa amelala tena. Viganja vya mtoto vilikuwa vimepauka, na macho yana umanjano.

Mumewe hakuchoka kumsema. "Humlishi huyu. Kwetu hakuna mtu wa damu haba!" Fundi akamnywesha mtoto dawa ya kuongeza damu, chupa juu ya chupa. Wapi! Aliogopa atampoteza, na lawama zimwangukie yeye.

Siku moja wakaenda zahanati wote watatu. Dada wa maabara alimtoa mtoto damu, akaitazama kwa hadubini, kisha akamwita mama. "Hebu chungulia, shoga."

Fundi akaona viduara vyekundu vimetanda kimya, kama shanga zilizomwagika. Akasahau yuko wapi.

"Ni chembe za damu," dada alisema. "Chembe nzima ni bapa, imebonyea katikati. Chini ya ngozi yake kuna wavu, umeshikizwa kwa vifungo vidogo mno."

"Kama bitana na koti?"

"Hapo hapo! Za mwanao vifungo ni pungufu."

"Basi bitana inaachia."

"Ndiyo. Ngozi inameguka kidogo kidogo, chembe inakuwa mviringo kama mpira. Ikipita kwenye wengu, kile kiungo cha tumboni kinachochuja damu, inanasa, inavunjwa. Damu inapungua, macho yanakuwa ya manjano."

"Kwa hiyo si chakula?"

"Si chakula. Na dawa ya madini ya chuma asipewe bila kupimwa. Amezaliwa nayo. Mara nyingi hutoka kwa mzazi mmoja."

"Mpime mama yake," baba alidakia.

Walipimwa wote wawili. Chembe za mama zilikuwa bapa. Za baba zilikuwa mviringo.

"Lakini mimi siumwi!"

"Wengine huwapata kidogo tu, kaka."

Daktari alimwandikia mtoto vidonge vya foliki vya kusaidia kutengeneza damu, na kuhudhuria kliniki. "Akipata homa au akipauka ghafla, mleteni upesi. Hali ikizidi, tutafikiria kuutoa wengu."

Wakarudi nyumbani. Walipofika mlangoni baba akasema, "Mke wangu, nimekuonea."

"Umenionea sana," alijibu, machozi yakimtoka.

Sasa mtoto anaruka kamba na wenzake. Baba ndiye humpeleka kliniki. Watu wakiuliza macho yale ya manjano mtoto kayatoa wapi, yeye huwahi kujibu kabla mkewe hajafungua kinywa: "Kwangu."