Bluu ya Bawa la Kipepeo

Salme aliamka, akaswali, akachemsha chai ya mtu mmoja. Ilikuwa miezi saba tangu mumewe, Tajudin, achukuliwe dukani kwake na watu wa usalama waliovaa miwani ya jua. Majirani wa pale Wandegeya, Kampala, waliingia mitini. Hawakuwa wabaya, waliogopa tu. Nyumba iliyofikiwa na watu wale haipigwi hodi, hata kwa kuomba chumvi.

Dukani hawakubakiza hata kitambaa. Nyumbani ilibaki picha moja ya ndege wa bluu. Tajudin aliitengeneza mwenyewe kwa mabawa ya vipepeo aliowaokota wamekwisha kufa, akayabandika moja moja kwenye kadi. Kila asubuhi Salme alizungumza na ndege yule. Ukimcheka, basi hujawahi kukaa na kuta.

Mvua za Novemba zikaleta ukungu. Madoa meupe yakaota juu ya ndege. Salme akachukua spiriti ya kusafishia vidonda, akamdondoshea kwa pamba mpaka akalowa chepechepe. Ukungu ukatoka. Lo, na bluu nayo ikatoka! Ndege akawa wa kijani kilichofifia, kama maji ya bwawa.

"Nimeiua kwa mkono wangu," alisema, na moyo ukamuuma kweli. Mfa maji haishi kutapatapa. Akakoroga buluu ya kufulia nguo, akatafuta brashi ili aipake picha upya.

Mlango aliuacha wazi harufu itoke. Nje alikuwa akipita Cleopas, mtunza vifaa wa maabara ya chuo, anayekaa nyumba ya tatu. Akaisikia spiriti, akachungulia, akaiona brashi. Akasahau kuogopa.

"Nyabo, wacha! Usipake hiyo kitu!"

"Rangi imeyeyuka, ssebo. Nairudishia."

"Hapana yeyuka. Hebu angaria pamba yako. Iko na bluu?"

Salme akaitazama pamba. Ilikuwa na uchafu wa ukungu tu.

"Basi bluu imekwenda wapi?"

Cleopas akaingia, akaketi mkekani.

"Hii bluu hapana rangi ya kupaka. Bawa iko na magamba madogo sana, sisi tunaona kama vumbi. Ndani ya gamba kuna mistari na nafasi za hewa, zimepangwa karibu karibu. Ni ndogo kushinda unywele mara mia. Mwanga ikifika pale, ule mpango unarudisha bluu kwa macho yako. Sasa spiriti imejaa kwa nafasi za hewa, na rangi imebadilika."

"Na ikikauka?"

"Hewa inarudi. Lakini ukipaka buluu, umeziba kabisa. Na usisugue. Ile vumbi ikitoka, hairudi."

"Kwa hiyo rangi ni mpangilio tu?"

"Mpangilio tu, nyabo. Ng'ambo kuna watu wa hesabu, wanaandika kwamba mtu akiweza kupanga vitu vidogo hivyo mwenyewe, atakunja mwanga upande haijawahi kukunja. Bado hakuna amefanya. Kipepeo amewatangulia."

Wakaiweka picha kivulini, mbali na jua na jiko, wakangoja. Salme hakuamini. Miezi hii alikuwa amengojea mengi, na hayakurudi. Akaosha kikombe cha pili, kilichokuwa na vumbi, akamimina chai.

"Sukari sina."

"Kampala nzima haina."

Bluu ilianza mkiani. Ikapanda kifuani, ikatambaa shingoni, ikamalizia mdomoni. Ndege akameremeta kama siku alipobandikwa. Salme akajishika mdomo.

Cleopas akamwonyesha jinsi ya kuweka mkaa mkavu nyuma ya picha, unyonye unyevu, na kuihamisha kutoka ukuta unaopigwa na mvua. Salme alifanya hivyo siku ile ile. Ukungu haukurudi, hata masika yaliyofuata.

Chai ilipokwisha, Cleopas hakuondoka. Aliitazama picha, kisha akauliza kwa sauti ya chini.

"Nani alipanga vizuri hivi?"

"Tajudin," Salme alisema. "Mume wangu, Tajudin."

Tangu Aprili hakuna mgeni aliyelisikia jina hilo ndani ya nyumba ile. Salme akalia mpaka kanga ikalowa. Miezi saba alikuwa akilia peke yake. Leo alilia mbele ya mtu, na mtu yule hakukimbia.